Kisu Kiishie Wapi

Malalamiko ninayoyasikia mara nyingi baada ya upasuaji si ya maumivu, ni ya urefu wa mshono. Mtu alikuja na kiuvimbe shavuni, milimita 8 tu, akaambiwa kitatolewa kwa ganzi ya pale pale na usiku atalala kwake. Siku ya kufungua bandeji anajitazama kwenye kioo na kukuta mstari wa karibu sentimita 5. "Daktari, si ulisema ni kitu kidogo?"

Ni kidogo kweli. Hesabu ndiyo inayomchanganya. Saratani ya seli za basali, iliyo ya kawaida kuliko saratani nyingine zote za ngozi, hutambaa chini kwa chini kupita pale jicho linapoona mwisho wake, kwa hiyo kila upande naongeza milimita 4 za ngozi inayoonekana nzima. Nane imeshakuwa 16. Tena siwezi kukata duara na kulifunga hivyo hivyo, maana duara ukilivuta liwe mstari ngozi inatuna na kujikunja kwenye ncha zote mbili. Inabidi nikate umbo lililochongoka huku na huku, urefu wake mara 3 ya upana. Kumi na sita mara 3 ni 48, na hizo ndizo sentimita 5 za mgonjwa wangu. Siku hizi nachora kwanza kwa kalamu, nampa kioo mkononi, ndipo nachukua sindano. Afadhali tubishane kabla kuliko baada.

Mstari wenyewe nao hauelekei popote tu. Mwaka 1861 Karl Langer, mwanaanatomia wa Vienna, alichapisha kazi aliyoifanya kwa kuchoma maiti kwa chuma chenye ncha ya mviringo. Matundu hayakubaki mviringo. Yalivutika yakawa nyufa nyembamba, na nyufa hizo zilijipanga kwa mwelekeo maalumu katika kila sehemu ya mwili. Mshono unaofuata mvuto wa ngozi hupona ukiwa mwembamba; unaoukatiza huvutwa kila siku na kupanuka. Usoni wengi wetu tunafuata zaidi mikunjo ya mtu mwenyewe. Ndiyo maana kabla ya kukukata nitakuomba ucheke, ukunje paji, ufumbe macho kwa nguvu. Watu hudhani nawatania, kumbe natafuta pa kuficha kovu.

Kukata si kugumu. Mikono hufundishika, na mwanafunzi mwenye subira atajua kushona vizuri baada ya muda. Kinachonisumbua hadi leo ni pa kuishia. Nikichukua kidogo mno, ugonjwa unabaki. Nikichukua kingi mno, nimemnyang'anya mtu pua au kope ambayo haikuwa na shida. Historia ya fani yangu upande huu ni historia ya watu waliokata sana kwa muda mrefu, wakiamini wanaokoa maisha.

Chukua melanoma, ile inayotokana na seli zinazotengeneza rangi ya ngozi na inayoua kuliko zote tatu za kawaida; nyingine ni ile ya basali na ile ya skwamasi, inayoanzia kwenye seli bapa za tabaka la juu la ngozi. Mwaka 1907 mpasuaji wa London, William Sampson Handley, alieleza jinsi inavyosambaa kupitia mishipa ya limfu iliyo chini ya ngozi, akashauri ikatwe kwa upana mkubwa. Ushahidi wake mkuu ulikuwa uchunguzi wa maiti ya mgonjwa mmoja. Mmoja! Kwenye mbegu hiyo ukaota utaratibu wa kuondoa sentimita 5 za ngozi kila upande, nao ukatawala sehemu kubwa ya karne ya 20. Doa la sentimita 1 kwenye muundi liliacha shimo la sentimita 11, ambalo halifungiki kwa uzi. Lilifunikwa kwa ngozi nyembamba iliyochunwa pajani, na mguu ukabaki na bonde la maisha. Waliotangulia siwalaumu kwa kuogopa, maana melanoma inatisha kweli. Ninachowalaumu ni kuacha jina la mtu mkubwa lifanye kazi ambayo ilipaswa kufanywa na majaribio.

Mwaka 1970 Alexander Breslow, mwanapatholojia wa Marekani, yaani daktari anayechunguza vipande vya mwili kwa hadubini, aliweka kipimo ndani ya hadubini na kupima jambo ambalo leo linaonekana la wazi kabisa: melanoma imezama kiasi gani kwenda chini. Ikawa unene huo, kwa milimita, unatabiri hatima ya mgonjwa kuliko upana wa doa. Baadaye yakaja majaribio yaliyowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, hawa wakatwe kwa upana zaidi na hawa kidogo, na tukaanza kurudisha kisu nyuma. Leo, melanoma isiyozidi milimita 1 ya unene naiondoa pamoja na sentimita 1 ya ngozi inayoizunguka. Iliyozidi milimita 2, sentimita 2. Zile 5 zimebaki kwenye vitabu vya zamani na kwenye miguu ya wazee.

Kwa tezi za limfu ilikuwa hivyo hivyo. Tulizoea kufukua tezi zote za kwapani au za kinena, ili kama kuna seli zimetoroka tuzikute huko. Mwaka 1992 Donald Morton na wenzake walionyesha kwamba ukidunga rangi ya buluu kando ya melanoma unaweza kuifuata hadi kwenye tezi ya kwanza kabisa inayoipokea, ukaitoa hiyo peke yake na kuipeleka maabara. Ikiwa na ugonjwa, basi tulitoa na zilizobaki. Mwaka 2017 jaribio kubwa likaonyesha kwamba kuzitoa hizo zilizobaki hakukuongeza idadi ya waliopona kwenye melanoma, ila kuliongeza miguu na mikono iliyovimba: kama asilimia 24 ya waliofukuliwa, dhidi ya 6 ya waliofuatiliwa kwa picha za altrasaundi tu. Nakumbuka jinsi matokeo hayo yalivyopokelewa na wapasuaji. Baadhi yetu tulifurahi, wengine walinuna kama watu walioambiwa kiwanja chao kina hati ya mtu mwingine.

Na dawa nazo zimetushusha cheo, jambo ambalo naliona jema. Nilipokuwa mwanafunzi, melanoma iliyofika kwenye mapafu au ini ilimaanisha miezi. Dawa zinazoondoa breki kwenye kinga ya mwili zilianza kuidhinishwa mwaka 2011, na mwaka 2018 James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi uliozizaa. Katika jaribio moja maarufu la kuchanganya dawa mbili za aina hiyo, zaidi ya asilimia 40 ya wagonjwa walikuwa hai baada ya miaka 10. Dawa hizo zina bei ya kutisha na madhara yake si mchezo: utumbo, ini, tezi za homoni, vyote vinaweza kushambuliwa na kinga iliyofunguliwa breki. Lakini asilimia 40 ni watu wanaokula na kugombana na watoto wao.

Turudi kwenye ganzi, maana hapo ndipo kazi yangu inapotofautiana na ya mpasuaji wa tumbo. Mgonjwa wake amelala usingizi. Wangu ananisikia.

Dawa tunayotumia ni lidokaini, mara nyingi ikiwa imechanganywa na adrenalini kidogo ili mishipa isinyae na damu isisumbue. Inawasha inapoingia, hasa kwenye ncha ya pua, na anayekuambia haiumi hajawahi kudungwa hapo. Sindano nyembamba na mkono wa polepole husaidia zaidi kuliko maneno. Kisha lazima kusubiri. Kwenye ngozi nyeupe utaona eneo likipauka na kujua adrenalini imefanya kazi. Kwenye ngozi nyeusi mpauko hauonekani vizuri, kwa hiyo natazama saa. Dakika zile za kusubiri ndizo mtu anapoanza kusema. Kichwa kimefunikwa kitambaa cha kijani, hanioni, simwoni ila kipande cha shavu, na kwa sababu hiyo labda, ananiambia mambo ambayo hajamwambia mwenzi wake. Deni. Mtoto asiyepiga simu. Kwamba kidonda alikiona miaka miwili iliyopita akakifunika kwa vipodozi, si kwa kutojua bali kwa kujua.

Nimejifunza kuongea nikiwa nakata. Nikinyamaza ili nifikiri, vidole vyake vinakamata ukingo wa kitanda, na muuguzi ananitupia jicho: sema kitu. Basi nasema. "Sasa utasikia mvuto tu." "Huu mlio ni wa mashine ya kuziba mishipa." Na kabla ya kuiwasha hiyo mashine nasema kabisa kwamba kutakuwa na harufu ya nyama inayoungua na ni ya kawaida, maana nikisahau kusema, pua itamwambia kabla yangu. Mzee mmoja alinijibu kutoka chini ya kitambaa, "Angalau na mimi nimenukia." Ilibidi nisimamishe kisu mpaka tumalize kucheka.

Kipande kikishatoka nakitia uzi mmoja upande wa juu, ili mwanapatholojia ajue kichwa ni wapi na miguu ni wapi, nakidumbukiza kwenye formalini, na hapo madaraka yangu yanakoma. Yeye hupaka wino kwenye kingo, hukata vipande vyembamba, hutazama kama seli za saratani zimegusa wino. Ninachosubiri kusoma ni kwamba kingo ziko safi. Hata hivyo vipande vile huonyesha sehemu ndogo tu ya ukingo mzima. Frederic Mohs, aliyeanza kazi yake Wisconsin miaka ya 1930 akiwa bado mwanafunzi, alitafuta namna ya kuutazama ukingo wote, tabaka kwa tabaka, na kurudi kukata pale tu penye ugonjwa. Kwenye kope na pua, njia hiyo huokoa ngozi nyingi. Inahitaji maabara iliyo mlango wa pili, mtu aliyesomea, na mgonjwa mwenye siku nzima ya kukaa na bandeji kwenye benchi, kwa hiyo si kila mahali ipo.

Sasa niseme na wenye ngozi nyeusi kama yangu, ambao wengi wao huona mada hii haiwahusu. Nusu yake wana haki. Melanini, ile rangi ya ngozi yetu, ni kinga ya kweli dhidi ya miale ya urujuanimno, na saratani zinazoletwa na jua ni chache mno kwetu kuliko kwa watu weupe. Lakini melanoma inayotupata sisi mara nyingi haina habari na jua. Inaota kwenye nyayo, viganja, na chini ya kucha. Bob Marley aligundulika nayo kwenye kidole cha mguu mwaka 1977, na kwa muda ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Alikataa kidole kisikatwe chote, akafanyiwa upasuaji mdogo zaidi. Alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Kisa hiki husimuliwa sana kwa ajili ya imani yake. Mimi hukisimulia kwa ajili ya ukucha.

Watu wengi weusi wana mistari ya kahawia kwenye kucha, tena kadhaa, na haina neno. Unaonitia wasiwasi ni mstari mmoja, kwenye ukucha mmoja, uliojitokeza ukubwani, unaopanuka, hasa rangi yake ikimwagikia kwenye ngozi iliyo kando ya ukucha. Na nyayo: doa jeusi au la rangi mchanganyiko linalokua, au "kidonda cha kiatu" ambacho viatu vimebadilishwa na chenyewe bado kipo. Ule utaratibu maarufu wa kutazama madoa kwa herufi A, B, C, D (umbo lisilolingana, kingo, rangi na kipenyo, kwa Kiingereza), uliotungwa New York mwaka 1985, ulitokana na madoa ya ngozi nyeupe. Unafaa, ila hautakuambia uvue soksi.

Kuna na hii nyingine, ambayo naiona nikiwa nimechelewa kuitwa kuliko zote: saratani ya skwamasi inayoota ndani ya kovu la moto au kidonda sugu cha mguuni. Jina la daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin, aliyeandika kuhusu vidonda vya namna hiyo mwaka 1828, ndilo linaloitambulisha. Kidonda kimekaa miaka 20. Kimezoeleka. Kinasafishwa na kufungwa kila juma, leo na muuguzi huyu, kesho na yule, na kwa kuwa hakuna mkono mmoja unaokiona mfululizo, hakuna anayesema kwamba kingo zimeinuka, kinatoka damu kirahisi, na harufu si ile ya zamani. Mara nyingi anayesema ni binti wa mgonjwa, na mara nyingi anajibiwa kwamba yeye si daktari.

Watu wenye ualbino ni habari ya peke yake. Kwao jua huanza kuharibu ngozi utotoni, na saratani ya skwamasi kwenye sikio, mdomo au shingo inaweza kuja wakiwa bado vijana kabisa. Kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kuzuia jua kwao ni dawa, na sipendi kuona losheni hiyo ikipangwa rafu moja na manukato. Kwamba inafanya kazi si porojo. Katika mji wa Nambour, Queensland, Australia, watu waliopangiwa kuipaka kila siku kati ya 1992 na 1996 walipata saratani za skwamasi pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko waliojipakia walivyopenda.

Swali linalonichosha, na ambalo hata hivyo nalijibu kila mara kwa utaratibu, ni hili: "Nikiguswa na kisu si ndiyo itasambaa?" Linaulizwa na waliosoma na wasiosoma. Naelewa linatoka wapi. Mtu amemwona jirani akiishi na uvimbe miaka mingi, akapelekwa kupasuliwa, akafa baada ya miezi mitatu. Macho yake hayajamdanganya. Mpangilio wa matukio ndio uliomdanganya. Jirani alipelekwa kwa sababu uvimbe ulikuwa umeanza kukimbia, na kisu kilikuta mbio zimeshaanza. Kuchukua kinyama kidogo cha kupima hakuigeuzi saratani ya ngozi kuwa mbaya. Najua maelezo yangu hayashindi kumbukumbu ya mazishi, ndiyo maana siyamalizi kwa kumharakisha. Namwambia arudi na huyo aliyemwambia, tuongee watatu.

Wapo pia ninaowaacha bila kuwakata. Bibi mmoja, karibu miaka 90, aliletwa na wanawe akiwa na saratani ya basali mbele ya sikio. Haikuwa ikimuuma. Wanawe walitaka itolewe upesi, na nikaeleza kwamba aina hii hukua polepole, hutafuna ilipo na mara chache mno kwenda kwingine. Bibi alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Daktari, hiki kitu hakina haraka na mimi. Na mimi sina haraka nacho." Tulikubaliana aje kila baada ya miezi michache nikipime. Mwanawe mkubwa alinitazama kama mtu aliyemnyima mama yake dawa, na sikuwa na la kumfanya. Bibi alifariki baadaye kwa ugonjwa wa moyo, kidonda kikiwa kimeongezeka milimita chache. Ukiniuliza kazi niliyoifanya vizuri, hiyo naihesabu.

Macho haya hayazimiki nikitoka kazini. Kwenye foleni natazama shingo iliyo mbele yangu. Ufukweni mwenzangu amenipiga marufuku kukodolea migongo ya watu, na ana haki, kwa sababu maelezo ya kwamba ni kazi hayamsaidii yeyote. Lakini nikiona kwenye ukingo wa sikio la mgeni kidonda chenye ukoko mgumu na damu kavu, nifanye nini? Kanuni yangu ni kusema mara moja, kwa sauti ya chini, na kuondoka. "Samahani, mimi ni daktari. Hicho kidonda kikikaa zaidi ya mwezi, kionyeshe." Wengine hushukuru. Kuna aliyenijibu, "Kwani nimekuuliza?" Hakuwa ameniuliza, ni kweli.

Halafu kuna picha za simu. Shemeji, mwenzake shemeji, mtu niliyesoma naye shule ya msingi: saa nne za usiku inaingia picha yenye ukungu ya kitu ambacho kinaweza kuwa melanoma au mbegu ya tikiti. Sikatai kuzipokea. Ila sitoi hukumu kwa picha, na ninachoomba ni kile kile: usipige usiku kwa taa ya simu. Kaa karibu na dirisha mchana, weka rula kando ya doa, piga moja kwa mbali tujue ni sehemu gani ya mwili na moja kwa karibu. Ihifadhi, usiifute. Kama doa limebadilika tangu ulipoliona mara ya kwanza, au linatoka damu, usisubiri picha ya pili, njoo nalo lenyewe. Na ukija, vua viatu vyote viwili.